Mkutubi anakudai ukimya. Wewe unamdai nini?

Ukiingia katika maktaba nyingi za umma nchini, jambo la kwanza utakaloliona ukutani ni orodha ya makatazo. Usipige kelele. Usile humu ndani. Zima mlio wa simu. Acha begi mlangoni. Orodha hiyo umeandikiwa wewe msomaji, na ukiivunja utaonyeshwa mlango.

Sasa hebu tafuta orodha ya pili, ile inayomhusu mhudumu aliyekaa nyuma ya kaunta. Anafaa kufungua saa ngapi? Anaruhusiwa kukufokea mbele ya watu? Anaweza kumwambia mtu mwingine kitabu ulichoazima? Na akikuitisha namba ya simu ndio akutafutie kiti karibu na soketi ya kuchajia, utamshtaki kwa nani? Orodha hii si rahisi kuiona. Kanuni zipo, tena za kutosha, lakini zimelala ndani ya sheria na faili ambazo kijana wa kawaida hajawahi kuzifungua.

Mtu anaweza kusema hii ni stori ndogo. Kwani nchi haina shida kubwa kuliko mhudumu wa maktaba? Lakini angalia maisha ya kijana wa mjini. Nyumbani ni chumba kimoja, televisheni ya jirani inasikika ukutani na wadogo wako wanataka kucheza. Ukienda mkahawani lazima ununue kitu. Ukienda cyber, kila dakika inahesabiwa. Maktaba ya umma ni kati ya sehemu chache sana mjini ambapo unaweza kukaa kutwa nzima bila mtu kukuuliza umenunua nini. Mtahiniwa wa KCSE anaenda huko kudurusu. Mwanafunzi wa chuo aliyeishiwa na bando anaenda huko kutafuta intaneti. Aliyemaliza shule na bado anahaso anaenda huko kuandika barua za kuomba kazi.

Mhudumu mmoja mwenye kiburi anatosha kumfukuza mtu kama huyo. Hatalalamika wala kuandika barua. Hatarudi tu. Kisha mwisho wa mwaka idadi ya wasomaji ikishuka, tutaambiwa vijana wa siku hizi hawapendi kusoma, wako TikTok. Hakuna atakayeuliza walipokelewa vipi siku waliyokuja.

Sheria tayari imeongea

Tuanze na Katiba ya 2010, kwa sababu ndiyo mama wa sheria zote. Kifungu cha 232 kinaorodhesha maadili na kanuni za utumishi wa umma. Kinataka viwango vya juu vya maadili ya kitaaluma, matumizi mazuri ya rasilimali, na huduma inayotolewa upesi, bila mapendeleo na kwa usawa. Kifungu hicho kinahusu ngazi zote mbili za serikali pamoja na mashirika ya umma. Kwa hivyo mhudumu wa maktaba yuko ndani, awe ameajiriwa na shirika la kitaifa au na kaunti.

Chini ya Katiba kuna sheria nyingine. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ndiyo iliyoweka bayana kwamba afisa wa umma lazima amhudumie mwananchi kwa adabu na heshima. Sheria ya Uongozi na Maadili ikafuata mwaka 2012. Kisha Sheria ya Maadili na Kanuni za Utumishi wa Umma ya 2015 ikafafanua kile Kifungu cha 232 kinachotaka. Kwa hivyo heshima unayoitarajia kwenye kaunta si fadhila ya mtu aliyeamka vizuri siku hiyo. Ni sehemu ya kazi anayolipiwa mshahara.

Tatizo linaanza unapouliza nani anasimamia. Huduma ya Maktaba za Kitaifa, ambayo wengi tunaijua kama KNLS, ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965 na kwa miongo mingi ndiyo iliyoendesha matawi kote nchini. Katiba ya 2010 ilipokuja, Jedwali la Nne likaweka maktaba katika orodha ya kazi za serikali za kaunti. Nairobi nayo ilikuwa na maktaba zake za jiji tangu zamani: McMillan, Kaloleni na Makadara. Sasa wewe uliyefokewa Jumanne saa nne asubuhi utajuaje kama mhudumu yule ni wa KNLS, wa kaunti, kibarua wa mkataba au mwanagenzi? Kila mwajiri ana bodi yake na utaratibu wake wa nidhamu. Ukikosea mlango utazungushwa hadi uchoke, na wengi wetu huchoka mapema.

Adabu peke yake haitoshi

Kuna kosa la kufikiri kwamba mwenendo mwema ni kutabasamu na kusema "karibu". Historia ya McMillan inatufundisha vingine. Maktaba hiyo ya Banda Street, yenye sanamu za simba mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu pekee. Waafrika walikuja kuruhusiwa kuingia mwishoni mwishoni mwa ukoloni.

Fikiria mhudumu wa enzi hizo. Huenda alikuwa mpole, msafi, anayefika kazini kwa wakati na kutii kila agizo la wakubwa wake. Mwafrika akija mlangoni, anamrudisha kwa lugha laini kabisa. Kwa vipimo vya mwajiri wake, huyo alikuwa mfanyakazi wa kupigiwa mfano. Kwa vipimo vyetu leo, alikuwa analinda dhuluma. Ndiyo maana swali la kwanza la maadili ya maktaba linafaa kuwa: nani anahudumiwa na nani anarudishwa?

Swali hilo halijaisha. Leo hakuna bango la rangi ya ngozi mlangoni, lakini kuna njia nyingine za kumrudisha mtu. Kijana mwenye rasta anaangaliwa kama mwizi wa vitabu. Chokoraa anayetaka kuangalia picha kwenye gazeti anafukuzwa kabla hajakaa. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anakuta rafu ziko juu na hakuna anayejitolea kumfikishia kitabu. Msichana mwenye mtoto mgongoni anaambiwa hapa si kwa watoto. Mzee asiyejua kutumia kompyuta anachekwa. Hakuna aliyetukanwa hapo, na bado Kifungu cha 232 kimevunjwa, maana huduma haikuwa ya usawa.

Shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, ambalo lilifanya kongamano lake kuu jijini Nairobi mwaka 1984, lilipitisha kanuni za maadili kwa wakutubi Agosti 2012. Kanuni hizo zinataka huduma ya usawa bila kujali umri, uraia, imani ya kisiasa, ulemavu, jinsia au hali ya maisha. Zinamtaka pia mkutubi atenganishe imani yake binafsi na wajibu wake wa kazi. Mhudumu anaweza kuwa mlokole au Mwislamu mwenye msimamo mkali nyumbani kwake. Kwenye kaunta, hana ruhusa ya kukunyima kitabu kwa sababu yeye binafsi hakipendi, na hafai hata kukukunjia uso kwa ulichochagua.

Siri yako iko mikononi mwake

Hili ndilo jambo ambalo vijana wengi hatulifikirii. Ukijiandikisha maktabani unaacha jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, na labda mahali unapoishi au shule unayosoma. Ukiazima vitabu, orodha inabaki. Ukitumia kompyuta yao na usahau kutoka kwenye akaunti, barua pepe zako ziko wazi. Mhudumu anajua kwamba umeazima kitabu kuhusu Ukimwi, talaka, msongo wa mawazo au haki za mtu anapokamatwa. Hayo ni mambo ambayo pengine hata mama yako hujamwambia.

Kumbuka Juni 2024. Vijana walisoma Mswada wa Fedha, wakaufafanua kwa lugha za mtaani, wakapekua Katiba kifungu kwa kifungu, kisha wakaingia barabarani. Kusoma kulikuwa sehemu ya siasa. Sasa tuseme polisi anafika maktabani bila karatasi yoyote, anaegemea kaunta na kusema, "Nionyeshe ni nani amekuwa akisoma haya." Mhudumu afanye nini?

Mfano wa mbali unaweza kutusaidia. Mwaka 2005, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, FBI ilipeleka barua ikidai rekodi za matumizi ya kompyuta ya maktaba, na barua hiyo ikaja na marufuku ya kuzungumzia suala hilo popote. Wakutubi wanne walikataa kutii kimyakimya. Walikwenda mahakamani. Kufikia mwaka 2006 serikali ilikuwa imeacha kutetea marufuku hiyo na kuondoa dai lake. Watu hawa hawakuwa wanaharakati wa barabarani. Walikuwa wafanyakazi wa maktaba walioamini kwamba kile msomaji anachotafuta ni siri kati yake na maktaba.

Hapa kwetu msingi wa msimamo kama huo upo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inambana kila anayekusanya taarifa za watu, ofisi za serikali zikiwemo. Mhudumu wa kawaida hatarajiwi kugeuka wakili. Anachotakiwa ni kutotoa chochote pale kaunta, kumwelekeza anayeuliza kwa mkuu wa maktaba, na mkuu naye kudai agizo la kisheria kwa maandishi. Kama mhudumu hajafundishwa hatua hizo, woga utamfanya afungue faili papo hapo.

Kuna upande mwepesi wa jambo hilohilo: picha. Siku ya hafla, maktaba inapiga picha za watoto na vijana wakisoma, kisha dakika tano baadaye ziko Facebook. Septemba 2023, Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Kanuni iliyowanasa hao inaweza kuinasa maktaba pia. Kuuliza "naweza kukupiga picha?" ni sehemu ya maadili ya kazi.

Kitu kidogo na mkono mrefu

Tukisema ufisadi, akili hukimbilia mabilioni. Maktabani ufisadi huja kwa sarafu. Kiti kimewekewa "mtu wangu" wakati wa mitihani. Faini ya kuchelewesha kitabu inageuka soda. Kompyuta za bure zinapewa wanaojua kusalimia kwa noti. Kitabu cha kiada kinachotafutwa na wengi kinafichwa nyuma ili apewe anayejuana na mhudumu. Kila mojawapo ni kutumia mali ya umma kujinufaisha, hata kama aliyefaidika amepata shilingi hamsini tu. Anayeumia ni yule asiye na shilingi hamsini, ambaye ndiye maktaba ya umma ilijengewa.

Kuna baya zaidi. Mhudumu ana mamlaka madogo, lakini kwa msichana wa miaka kumi na saba anayehitaji kitabu, kiti na intaneti, mamlaka hayo ni makubwa. Vijineno, kuombwa namba ya simu kila siku, mkono unaobaki begani muda mrefu kuliko inavyofaa: hayo si mizaha. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, katika kifungu cha 23, inasema mwenye mamlaka au afisa wa umma anayeendelea kumtongoza mtu huku akijua hatakiwi ana hatia ya unyanyasaji wa kingono. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua Sh100,000, au vyote viwili.

Na hili linawagusa wafanyakazi wenyewe pia. Wanagenzi na wanafunzi walio kwenye mafunzo ya kazi hutegemea sahihi ya msimamizi ili wafuzu, kwa hivyo hunyamaza. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini. Swali rahisi la kumuuliza mkuu wa maktaba yako: sera hiyo iko wapi, na mwanagenzi wa mwisho kufika aliisoma lini?

Agosti 2027 inakuja

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na majengo ya umma huwa na mvuto wa ajabu msimu huo. Mwanasiasa anataka ukumbi wa maktaba. Mwingine analeta katoni ya vitabu vyenye picha yake kwenye jalada. Mhudumu anapewa fulana. Sheria ya Uongozi na Maadili inamtaka afisa wa umma asiegemee upande katika kazi yake. Hiyo inamaanisha mambo ya kawaida kabisa: hakuna bango la mgombea kwenye ubao wa matangazo, hakuna kofia ya chama kwenye kaunta, na kama ukumbi unakodishwa, unakodishwa kwa wote kwa bei moja. Kijana wa chama hiki na wa chama kile lazima wote wajue kwamba wakiingia mle, wao ni wasomaji tu.

Mhudumu naye ni binadamu

Tusimwonee mtu. Yule dada anayekujibu kwa mkato pengine yuko peke yake kwenye ukumbi wa watu mia. Pengine mshahara umechelewa, au mkataba wake unaisha mwezi ujao na hajui kama utaongezwa. Ametukanwa na mlevi asubuhi, amesafisha choo kwa sababu hakuna wa kusafisha, na kompyuta tatu kati ya tano zimekufa. Kumdai tabasamu mtu ambaye mwajiri wake amemtelekeza ni kumtwika mzigo wa wengine.

Kwa hivyo viwango vya mwenendo lazima viende pande mbili. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira bora ya kazi. Na hata akishtakiwa kwa utovu wa nidhamu, Sheria ya Ajira inataka aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake, na asikilizwe kabla ya kufutwa. Klipu ya sekunde thelathini iliyosambaa mtandaoni si kesi iliyosikizwa. Ukimrekodi mhudumu kwa siri ukampandisha X ili achambuliwe, huenda ukamharibia maisha bila kurekebisha maktaba hata kidogo. Kesho ataletwa mwingine kwenye kaunta ileile, na uhaba uleule.

Msomaji pia ana mwenendo wake. Kurarua kurasa za kitabu, kuandika majibu kwenye kitabu cha wote, kumwita mhudumu kwa kupiga mluzi, kulalia meza mbili wakati wengine wamesimama: huo nao ni ukosefu wa adabu, na mhudumu ana haki ya kukukanya.

Cha kufanya ni hiki

Ofisi nyingi za serikali tayari zina bango la mkataba wa huduma kwa wananchi, linaloonyesha huduma, ada na muda wa kusubiri. Maktaba ziongeze hapo mistari michache kuhusu mwenendo: hatutakubagua, hatutatoa taarifa zako bila agizo la kisheria, hatutakuitisha chochote kisicho na risiti, hatutakugusa wala kukutongoza, tutafungua saa tuliyoandika. Chini yake kuwe na jina la ofisi inayopokea malalamishi, namba ya simu, na jina la mwajiri wa wahudumu wa tawi hilo. Liandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na libandikwe pale pale penye "Usipige kelele".

Lisipobandikwa, usingoje. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuitisha habari kutoka ofisi ya umma. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, halilipiwi ada, na ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Andika barua fupi kwa maktaba ya mtaa wenu ukiomba nakala ya kanuni za mwenendo wa wahudumu, sera ya unyanyasaji wa kingono na utaratibu wa malalamishi. Weka tarehe, pata nakala iliyopigwa muhuri, na uhesabu siku.

Wakinyamaza, peleka suala hilo kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile ofisi ya Ombudsman. Ukiombwa hongo, mlango ni wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Taarifa zako zikivujishwa, nenda kwa Kamishna wa Data. Ukinyanyaswa kingono, nenda polisi, na usiende peke yako.

Miaka ya karibuni tumeona majengo yakipata uhai tena. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, limeshirikiana na Kaunti ya Nairobi kukarabati maktaba za Kaloleni na Makadara, na ni kazi ya kupongezwa. Rangi mpya na viti vizuri vitamleta kijana mara ya kwanza. Kama atarudi mara ya pili, hilo litaamuliwa na mtu aliyemkuta kwenye kaunta, na na mwajiri aliyemfundisha mtu huyo kazi yake au akaacha kumfundisha.